Mkebe Uliobaki Ghalani
Mazungumzo ya redio, kipindi cha asubuhi

  

Leo nataka tuzungumze habari za mkebe mmoja.

Baba yangu alipofariki tulimzika nyumbani kwetu Kinangop. Alikuwa mzee, amewaona wajukuu na vitukuu, nasi tulimshukuru Mungu kwa maisha yake. Baada ya mazishi na wageni kuondoka, mimi na ndugu zangu tuliingia ghalani mwake kupanga vitu. Mnajua ghala la mzee lilivyo. Kulikuwa na majembe yasiyo na mipini, magunia yaliyoliwa na panya, kengele ya ng'ombe aliyekufa zamani, na risiti za chama cha ushirika zilizofungwa kwa kamba. Nyuma ya magunia, pembeni kabisa, tulikuta mkebe wa bati wenye kutu. Karatasi yake ilikuwa imeliwa na mende, lakini herufi tatu zilisomeka vizuri: DDT. Tulipoutikisa, ulikuwa na unga karibu nusu.

Ndugu yangu mdogo akasema, "Kaka, leta niutupe chooni. Choo kile cha zamani tutakifukia mwezi ujao, mambo yaishe."

Nikaunyosha mkono kumpa. Halafu nikausita. Nilikuwa nimesoma kidogo juu ya unga ule, na neno lake la mwisho likanikwama moyoni. Mambo yaishe. Je, mpendwa msikilizaji, yataisha kweli? Kitu tukikitupa, huwa kinakwenda wapi?

Kwanza nataka nimtetee baba yangu, maana hayupo tena kujitetea. Mwaka 1939 mtaalamu mmoja wa Uswisi, jina lake Paul Müller, aligundua kwamba DDT inaua wadudu. Dawa yenyewe ilikuwa imetengenezwa maabarani tangu 1874, lakini hakuna aliyejua kazi yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika majira ya baridi ya 1943 na 1944, mji wa Naples huko Italia ulishambuliwa na homa inayoenezwa na chawa. Zaidi ya watu milioni 1 walinyunyiziwa unga huo mwilini, na homa ikakomeshwa. Mwaka 1948 Bwana Müller akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Basi, dawa iliyosifiwa na wakubwa wa dunia, mkulima wa Kinangop angeikataa kwa sababu gani? Baba aliinunua dukani, kwa haki, kwa jasho lake. Aliitia katika maharagwe ili fukusi wasiyale, na akainyunyiza katika vitanda vyetu ili tulale bila viroboto. Alifanya hivyo kwa kuwa alitupenda.

Na hapa pana jambo la kushangaza. Baba alikuwa mkulima wa pareto. Ninyi wa Molo, Kisii na Nyandarua mnalijua ua lile jeupe. Ndani yake mna sumu inayoangusha mdudu mara moja, lakini ikipigwa na jua huvunjika upesi, na baada ya siku moja au mbili nguvu yake nyingi imekwisha. Sisi tulichuma maua, tukayakausha, tukayauza kwa chama cha ushirika, na fedha tuliyoipata tukanunulia DDT. Tulikuwa na dawa inayojua kufa. Tukaiuza, tukanunua ile isiyojua kufa.

Hiyo ndiyo tabia ya DDT na jamaa zake. Jamaa zake ni wengi, na wazee mnawakumbuka: dieldrini iliyopigwa kuzuia nzige, aldrini ya kuua mchwa, toksafeni ya kuogeshea ng'ombe katika dipu, na lindeni ya kutia katika mbegu. Ukimwaga maziwa chini, kesho udongo umeyala. Majani yakianguka huoza yakawa mbolea. Mungu aliumba udongo na wadudu wake wadogo ili vilivyokwisha kazi virudi mavumbini. Lakini sumu hizi zimefungwa kwa namna ambayo jua, mvua na wadudu wa udongo hupata shida kuzifungua. Hukaa miaka mingi. Hata DDT ikigeuka, mara nyingi hugeuka kuwa ndugu yake aitwaye DDE, naye ni mkaidi vile vile.

Tena hazikai mahali pamoja. Jua likiwaka juu ya shamba lililonyunyiziwa, sehemu ndogo hupanda hewani kama mvuke. Upepo huichukua. Ikifika penye baridi hugeuka tena, ikashuka na mvua, umande au theluji. Siku ya joto hupanda tena, ikaruka mbele, ikashuka. Huenda hivyo kama panzi, ruko baada ya ruko, hata ifike mahali pa baridi sana ambapo haiwezi kupanda tena kwa urahisi.

Mama unayepika uji unalijua jambo hili. Mvuke wa sufuria ukigonga kifuniko kilicho baridi hugeuka matone. Na wale wapika chang'aa, najua kuna wawili watatu wananisikiliza asubuhi hii, wanalielewa zaidi yangu. Penye moto panatoa mvuke, penye baridi panapokea. Basi dunia yetu ni kama chombo hicho. Nchi za joto ndizo sufuria. Ncha mbili za dunia, kaskazini na kusini, ndizo kifuniko cha baridi.

Ndiyo maana katika miaka ya 1960 wataalamu waliokwenda Antaktika, bara la barafu lisilo na shamba hata moja, walikuta DDT ndani ya miili ya pengwini. Pengwini ni ndege asiyeruka, anayeishi kwa samaki na vijidudu vya baharini. Hakuna mkulima aliyepiga dawa pale. Hakuna mbu pale. Sumu ilisafiri yenyewe, kwa hewa na kwa maji. Miaka mingi baadaye, nchi nyingi zilipokuwa zimekwisha kuipiga marufuku, wataalamu walipima tena pengwini wa upande wa magharibi wa bara lile. Taarifa yao ya mwaka 2008 ilisema kwamba DDT ndani yao haikuwa imepungua kwa miaka kama 30. Sababu waliyoieleza ni kwamba barafu ya zamani inayeyuka, nayo inarudisha baharini sumu iliyoifungia tangu siku za wazee wetu.

Uswisi, kwenye milima ya Alps, kuna ziwa moja dogo linalopokea maji ya barafu. Wataalamu walichimba matope ya chini yake, wakayasoma tabaka kwa tabaka kama mtu anayesoma kitabu cha hesabu za kanisa. Walikuta sumu hizi zilipanda katika miaka ya 1960 na 1970. Zilipopigwa marufuku zikashuka. Halafu tangu miaka ya 1990 zikapanda tena, ingawa hakuna aliyepiga dawa. Barafu ilikuwa imeweka akiba, sasa inatoa.

Na bahari je? Bahari ni ghala kubwa kuliko yote. Kwa miaka mingi nchi za Asia zilitumia kwa wingi dawa iitwayo HCH, ambayo lindeni hutokana nayo. Hewa ikaibeba mpaka Bahari ya Aktiki kule kaskazini, na maji baridi yakaipokea. China iliiacha mwaka 1983, na India ikapunguza sana mwaka 1990. Hewa ikasafika upesi. Lakini katika miaka ya 1990 wataalamu waliona ajabu: bahari, iliyokuwa ikipokea sumu kutoka hewani, sasa ilikuwa inairudisha hewani. Mtoaji alikuwa amekoma, lakini deni lilikuwa bado linazunguka.

Huko Marekani, katika jimbo la California, palikuwa na kiwanda cha DDT tangu 1947 hadi 1982. Kwa miaka mingi taka zake zilipita katika mabomba ya maji machafu mpaka pwani ya Los Angeles, na nyingine zilibebwa kwa vyombo zikamwagwa kwenye kilindi. Naam, walisema kama ndugu yangu: tutupe, mambo yaishe. Bahari ni kubwa, nani ataona?

Aliyeona kwanza ni ndege. Yupo ndege aitwaye mwari, mwenye mfuko chini ya mdomo, ambaye sisi tunamwona Ziwa Nakuru. Ndugu zake wa California walikula samaki wa pwani ile. DDT na DDE hupenda mafuta. Hazitoki mwilini kwa mkojo kwa urahisi. Hukaa katika mafuta na kungoja. Kijidudu cha bahari hubeba kidogo. Samaki mdogo hula vijidudu maelfu. Samaki mkubwa hula wadogo mamia. Ndege hula wakubwa kila siku ya maisha yake. Kila aliye juu hurithi mzigo wa wote walio chini yake. Mzigo ule ukafanya maganda ya mayai ya mwari kuwa membamba sana, hata mama akiyalalia yanapasuka chini yake. Katika kisiwa cha Anacapa, mwaka 1970, kati ya mamia ya viota kifaranga kimoja tu ndicho kilichopona. Fikiri, mpendwa: mama anawaua watoto wake kwa kuwalalia ili wapate joto.

Matope ya kilindi kile bado yana sumu hiyo. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba wameikuta katika samaki wa kilindini wa pande zile, zaidi ya miaka 50 tangu Marekani ilipopiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 1972. Kenya yetu iliipiga marufuku katika kilimo mwaka 1986.

Sasa niwapeleke kwa watu, maana habari hii si ya ndege peke yao. Kaskazini mwa Kanada wanaishi Wainuit, watu wa nchi ya barafu. Hawalimi mahindi, kwa kuwa hakuna udongo wa kulima. Chakula chao tangu mababu ni sili, nyangumi na samaki, na mafuta ya wanyama hao ndiyo yanayowapa nguvu ya kustahimili baridi. Katika miaka ya 1980 daktari mmoja, Éric Dewailly, alikuwa akipima maziwa ya akina mama wa kusini mwa jimbo la Quebec kutafuta sumu za kudumu. Alitaka maziwa safi ya kulinganisha nayo, akadhani mahali pa kuyapata ni kwa akina mama Wainuit, mbali na viwanda na mashamba. Alipoyapima alikuta kinyume. Sumu ya viwandani iitwayo PCB ilikuwa karibu mara 5 ya ile ya akina mama wa kusini, na mabaki ya DDT yalikuwamo pia kwa wingi.

Wale akina mama hawakununua mkebe wowote. Ni sisi, watu wa nchi za joto na nchi za viwanda, tulionunua.

Habari hiyo nilimsomea mama yangu jioni moja baada ya kuupata mkebe. Mama ana miaka mingi sasa na macho yake ni dhaifu, lakini masikio ni mazima. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na mimi je? Unga ule ulikuwa katika maharagwe na katika vitanda. Nilinyonyesha watoto saba. Ina maana niliwalisha sumu?"

Wapendwa, nimesoma chuo cha theolojia, nimeulizwa maswali mengi na waumini, lakini hilo lilinishinda kujibu haraka. Nilimwambia kweli, kwa kuwa mama hastahili kudanganywa. Nilimwambia, "Mama, huenda kidogo kilikuwamo. Lakini ulitulisha uhai pia, na uhai ulikuwa mwingi zaidi." Na hilo ndilo madaktari waliwaambia Wainuit: msiache kunyonyesha, maziwa ya mama yanashinda. Nawe mama mchanga unayenisikiliza, usiniache na hofu. Mnyonyeshe mtoto wako. Lawama haiko kifuani mwako.

Mama akasema, "Basi huo mkebe usije ukamfikia mtoto wa mtu mwingine."

Niliona mama amehubiri kuliko mimi. Akanikumbusha habari ya Akani, iliyo katika kitabu cha Yoshua. Mnakumbuka: Yeriko ulipoanguka, watu walikatazwa kuchukua vitu vilivyowekwa wakfu. Akani akaona joho zuri, na fedha, na dhahabu, akavitamani. Akavichukua, akachimba ardhi ndani ya hema yake, akavifukia. Juu yake huenda palitandikwa mkeka, watoto wakalala. Hakuna aliyeona. Lakini waliokufa vitani kwa ajili ya kitu kile hawakuwa wa hema ya Akani. Walikuwa watu wengine, waliokuwa mbali, wasiojua hata kwamba kuna shimo.

Ndugu zangu, baba yangu hakuwa Akani. Alitumia asichokijua. Lakini mimi nimesoma. Mimi najua. Nikiufukia mkebe ule chooni, choo kitaoza, bati litatoboka, mvua itashuka na kuuchukua unga mpaka mtoni, na mto hauishii Kinangop. Hapo Akani ni mimi, hata nikivaa kanzu yangu nyeupe ya ibada.

Manabii Yeremia na Ezekieli walikutana na watu waliokuwa na methali juu ya baba waliokula zabibu kali na watoto wao wakapata ganzi ya meno. Watu wale waliitumia methali hiyo kujitetea: si sisi, ni baba zetu. Mungu akawakataza kuitumia tena. Kwa nini? Naona ni kwa sababu mtu akikaa akihesabu makosa ya baba yake, hafiki siku ya kutengeneza mwenendo wake mwenyewe. Mkebe uliununua wewe, baba. Lakini mkono unaoushika leo ni wangu.

Nisikie mtu akisema, "Mchungaji, hayo ya barafu na nyangumi ni ya Wazungu. Sisi hapa tunakufa kwa malaria." Ndugu, unasema kweli, na mimi nimezika watoto waliokufa kwa malaria. Hebu niwaambie jambo lililotokea katika mji wetu wenyewe wa Nairobi. Mwezi wa Januari 1999 wajumbe wa nchi nyingi walikutana hapa, kwenye makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, kutunga mkataba juu ya sumu hizi za kudumu. Akaja mwanamke Mwinuit kutoka Kanada, Sheila Watt-Cloutier, mwakilishi wa watu wake. Alileta zawadi: kinyago kidogo cha mama Mwinuit na mtoto wake, kilichochongwa kwao. Akampa Klaus Töpfer, mkuu wa shirika lile. Kinyago hicho kikawekwa mezani mbele ya mwenyekiti, na mikutano iliyofuata kikawekwa tena, ili wajumbe wakibishana juu ya maneno na fedha, wamwone mama na mtoto.

Na mama yule angeweza kusema: pigeni marufuku DDT yote, leo, kila mahali, watoto wangu wapone. Hakusema hivyo. Wainuit walisema hawatakubali mkataba unaowalinda watoto wao kwa kuwaacha watoto wa Afrika wafe kwa malaria. Walidai dunia itafute dawa na njia nyingine, na mpaka zipatikane, akina mama wa nchi za joto wasinyang'anywe kinga yao. Mkataba ulikamilishwa Johannesburg mwezi wa Desemba 2000, ukatiwa sahihi Stockholm mwaka 2001, ukaanza kazi tarehe 17 Mei 2004. Ulianza na sumu 12, na 9 kati ya hizo zilikuwa dawa za wadudu. Kenya iliuridhia mwaka huo huo wa 2004. DDT iliachiwa mlango wa kuzuia magonjwa kama malaria pale ambapo hakuna njia nyingine inayofaa. Na mlango huo haukuwa wa bure. Afrika Kusini iliacha DDT mwaka 1996, mbu wasiosikia dawa nyingine wakarudi KwaZulu-Natal, watu wengi wakaugua, na mwaka 2000 serikali ikalazimika kuirudia ndani ya nyumba.

Bwana Yesu aliulizwa na mwanasheria, jirani yangu ni nani? Akamjibu kwa habari ya msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi njiani. Mimi nilidhani jirani ni yule aliye ng'ambo ya ua. Sasa najifunza kwamba jirani ni yule anayefikiwa na kile ninachokitupa. Mama wa nchi ya barafu ni jirani wa Kinangop. Na yeye alitutambua sisi kuwa majirani kabla sisi hatujamtambua.

Basi tulifanya nini na mkebe? Hatukuufungua tena. Tuliutia ndani ya mifuko miwili ya plastiki nzito, tukaufunga, tukauweka katika debe kubwa lenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na chakula na mbali na watoto. Tukaandika juu yake kwa rangi nyekundu: SUMU. Nikaenda kwa afisa wa kilimo nikamweleza. Akaandika jina langu, akasema tungoje, kwa kuwa kitu kama hicho huhitaji kukusanywa pamoja na vingine na kuharibiwa katika tanuri la joto kali sana, na hapa karibu hakuna. Nimerudi kwake mara tatu. Mpaka leo ninapozungumza nanyi, mkebe ungali ghalani na ufunguo uko mfukoni mwangu. Ningependa kuwaambia umekwisha ondoka. Haujaondoka. Nitarudi mara ya nne.

Nawe ukiukuta mkebe kama huo kwa wazazi wako, au katika stoo ya shule, au ya chama cha zamani, nakusihi: usiumwage mtoni, usiufukie, usiuchome, maana moshi wake pia ni sumu. Usiutumie kwa kuwa "mahindi yanaliwa bure." Usiuoshe ukaufanya wa kuwekea chumvi au kuchotea maji. Ufunge, uufungie, utoe habari kwa ofisi ya kilimo, na uendelee kutoa habari. Kungoja hivyo kunachosha, lakini hiyo ni sehemu ya toba. Zakayo alipotubu hakusema maneno tu, alirudisha. Msamaha wa Mungu hupatikana siku moja. Kurudisha kulikoharibika huchukua muda.

Je, kuna faida? Ndiyo, wapendwa, na nisiwaache bila tumaini. Nchi ya Uswidi ilianza kuizuia DDT mwaka 1970. Huko Stockholm maziwa ya akina mama yalipimwa tangu 1972 hadi 1997, ikaonekana kwamba DDT ilikuwa ikipungua kwa nusu karibu kila miaka 4. Hakuna aliyeiondoa kwa mkono. Watu waliacha kuongeza, na wakati ukafanya kazi yake. Kule California, tai mwenye kichwa cheupe, ndugu yake furukombe wetu wa Naivasha, alikuwa ametoweka katika visiwa vile. Mwaka 2006 kifaranga kilianguliwa na wazazi wake bila msaada wa mwanadamu, mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 50. Na mwari, yule aliyebaki na kifaranga kimoja kisiwani, mwaka 2009 aliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Basi, mambo hayaishi kwa kutupwa. Yanaanza kuisha siku tunapoacha kuongeza, na tunapokubali kulinda kile kilichobaki mpaka kiharibiwe kwa haki.

Natuombe. Ee Mungu Baba, uliyeumba hewa na bahari na kuviacha bila ua ili vitufae sote, utusamehe tuliyoyatupa tukidhani hayana mwenyewe. Uwabariki wazee wetu waliotulisha kwa kadiri walivyojua. Utupe sisi tunaojua zaidi moyo wa kufanya zaidi. Uwatunze akina mama wanaonyonyesha asubuhi hii, katika nchi za joto na katika nchi za barafu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.